Buyu la Asali

Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hiyo niliisikia tangu nikiwa mtoto pale Ujiji, nami nikadhani ni onyo kwa watoto wadokozi tu. Miaka mingi baadaye niliielewa kwa namna nyingine, tena kwa uchungu, na ndiyo sababu ya kuandika habari hii.

Mwaka 1996 mama mkubwa, aliyenilea, aligunduliwa kuwa na kisukari. Daktari alimkataza sukari. Naye alikuwa mtu wa chai: chai ya rangi yenye tangawizi na mchaichai, vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Mimi nikaona dawa yake ni rahisi. Nilikwenda Kasulu kwa shughuli zangu, nikarudi na dumu la asali la lita tano. Nikamwambia, "Mama, hii haina neno. Hii ni dawa, siyo sukari ya kiwandani." Akanipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, ndugu msomaji, yafaa tujiulize imani ile niliipata wapi.

Katika nchi yetu asali ndiye mwenyeji. Misitu ya miombo, tangu Kibondo na Kasulu hadi Uvinza, na kuendelea mpaka Tabora, ni misitu ya nyuki. Wazee walitundika mizinga ya magogo na ya magome ya miti juu ya matawi, wakarina asali kwa moshi. Ililiwa, ilitiwa katika pombe, ilipakwa kwenye vidonda. Kitu kilichotibu vidonda vya babu zetu, nani angekidhania ubaya?

Sukari na chai ni wageni. Burton na Speke walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858, yaani miezi minane njiani. Mizigo ya misafara ya siku zile ilibebwa vichwani na mabegani, aghalabu kama frasila mbili kwa kila mpagazi, na iliyotangulia ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, bidhaa ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya safari. Miwa ilikwishalimwa bonde la Pangani katika karne hiyo hiyo, lakini sukari iliyopanda hadi ziwani kwa kichwa cha mtu haikuweza kuwa kitu cha kila kikombe. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa hata Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871.

Mambo yaligeuka reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Kilimo cha chai cha biashara kikashika mizizi nchini katika miaka ya 1920, na viwanda vya sukari vikaongezeka baadaye, kikiwamo cha Kilombero katika miaka ya 1960. Pole pole chai tamu ikawa ndiyo heshima ya nyumba. Mgeni akipewa chai isiyokolea, mwenye nyumba aliona haya. Kwa hiyo utamu ule tunaouona kuwa mila ya mababu, kwa kweli una umri wa wazazi wetu tu.

Ukitaka ushahidi kwamba ulimi hufundishika, kumbuka miaka ya taabu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliharibu kiwanda cha sukari cha Kagera, na uchumi mzima ukayumba. Tulipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya kilo moja, na mara nyingi tulirudi mikono mitupu. Mwaka 1983 ilipokuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata kuonekana na mfuko wa sukari kulileta maswali. Nyumbani tulikunywa chai kavu kwa viazi vitamu. Wiki za mwanzo tulinung'unika, kisha tukazoea. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini na sukari ikarudi dukani, nakumbuka mama mkubwa mwenyewe alionja kikombe cha kwanza chenye vijiko vitatu akakunja uso: "Mbona mmeifanya shira?" Lakini haukupita mwezi, tukarudi kule kule. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Sasa nirudi kwenye dumu langu. Mama mkubwa alitia asali vijiko vitatu vile vile, na kwa kuwa aliamini ni dawa, siku nyingine aliongeza cha nne. Baada ya miezi miwili alipopimwa, sukari katika damu ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Kidonda kidogo cha mguuni kiligoma kupona, na hatimaye akakatwa vidole viwili. Sisemi kwamba asali peke yake ndiyo iliyomfikisha pale, maana kisukari kina sababu nyingi. Lakini muuguzi mmoja aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Nani aliyekwambia asali siyo sukari?"

Ukweli ni huu. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa asali ni sukari, nyingi yake ikiwa glukosi na fruktosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Tena asali ni nzito: kijiko cha chai cha sukari kina kama gramu 4, lakini kijiko hicho hicho cha asali huweza kuwa na gramu 5 au zaidi za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka asali katika kundi moja na sukari ya kuongezwa, likashauri kwamba ni bora kwa siku mtu asizidi gramu 25 hivi, yaani vijiko sita. Vikombe vinne vya mama mkubwa vilikuwa na vijiko kumi na viwili kabla hajala chochote. Sukari guru nayo haina tofauti kubwa, ingawa rangi yake hutudanganya.

Dawa tuliyoipata haikutoka dukani. Ilitoka barazani. Pale Ujiji, kama ilivyo pwani, wazee hunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, haina hata chembe ya sukari, wala hakuna anayemwona muuza kahawa kuwa bahili. Utamu, ukiwapo, hukaa pembeni: tende moja, au kipande cha kashata. Nikamwuliza mama mkubwa, "Mbona kahawa waiweza?" Akacheka. Tukaanza kupunguza nusu kijiko kila wiki. Tangawizi na mdalasini vikaongezwa, na karanga chache za kukaanga zikawekwa kando. Baada ya miezi miwili alikuwa akinywa chai chungu, na ndivyo alivyokunywa hadi alipofariki mwaka 2009.

Namwandikia hasa kijana anayemnunulia mzazi wake asali kama nilivyofanya mimi. Utafiti wa vijijini uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa kama mtu 1 kati ya 100 tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta kama watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo hivyo havikufanyika kwa njia moja, lakini kila mtaa una ushahidi wake.

Asali ni neema, wala siikashifu. Kosa lilikuwa langu, kwani nilibadili kilichomo katika kijiko, nikaacha hesabu ya vijiko kama ilivyokuwa. Buyu huisha kwa kuchovya, liwe la asali au la sukari, na buyu lenyewe ni mwili wa mtu umpendaye.