Ndugu wa Ikhwani Safaa

Sisi tuliomaliza shule twapenda mno kuunda vyama, na vingi havifikishi miaka mitano. Kwa hiyo napenda kuwakumbusha habari za chama cha muziki cha mjini Unguja, Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905.

Hapo kwanza taarab ilikuwa burudani ya jumba la mfalme. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri. Ikhwani Safaa wakaifanya mali ya watu wa mjini. Walianza kwa nyimbo za Kiarabu. Baadaye Kiswahili kikashika nafasi, pamoja na ganuni, udi, fidla na waitikiaji.

Mapinduzi ya 1964 yaliuondoa usultani. Chama kikabadilishwa jina, lakini hakikufa, na jina lake la asili likarudi. Mwaka 2005 kilitimiza miaka 100.

Naamini siri yake ni hii: taarab ya jumbani ilimtegemea mwenye jumba, ya chama iliwategemea wanachama. Nanyi vijana mlioko madarasani, mkiunda chama, msitafute kwanza tajiri wa kukilea. Tafuteni ndugu.