Barua za siasa zisizo na saini: Namna ya kuzitambua na kuzitunza matoleo ya kale

Na Mwandishi Wetu, Musoma

KATIKA tamthilia ya Shakespeare aliyoifasiri Mwalimu Julius Nyerere, yumo Cassius, mtu mwenye hila, anayeandika barua kwa miandiko mbalimbali na kuzirusha dirishani kwa Brutus usiku. Hazina jina la mwandishi. Brutus akizisoma anadhani ni kilio cha raia wengi wa Roma, kumbe ni kalamu ya mtu mmoja. Yaliyofuata, kila aliyesoma kitabu hicho shuleni anayakumbuka.

Tafsiri hiyo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963 ikiitwa Julius Caezar. Mwaka 1969 ilitoka upya, ikiwa imesahihishwa na Mwalimu mwenyewe, na jina likawa Juliasi Kaizari. Kwa msomaji wa kawaida hicho ni kitabu kimoja. Kwa mkusanyaji ni vitabu viwili, na toleo la 1963 likiwa na jalada lake si la kumwazima jirani.

Mkoa wa Mara, hususan Musoma, Bunda na Butiama, una sababu ya pekee ya kujali maandishi ya aina hii. Hapa ndipo alipozaliwa mtu ambaye aliwahi kusimamishwa kizimbani kwa sababu ya maandishi ya kisiasa, na hapa yamo masanduku ya mabati ambayo wenyewe wamekwishatangulia mbele ya haki na watoto wao hawajui kilichomo.

Barua ya kisiasa isiyo na saini ni maandishi yanayomlenga mtawala au umma, yenye hoja juu ya mambo ya utawala, ambayo mwandishi wake ameficha jina lake au ametumia jina la kupanga. Haifai kuichanganya na barua ya fitina, ile inayosukumwa chini ya mlango kumchongea jirani. Tofauti ni kwamba ya kwanza huandikwa ili isomwe na wengi. Hata hivyo, mpaka kati ya hizo mbili si ukuta wa mawe, na Cassius ni shahidi.

Duniani, barua mashuhuri kuliko zote za aina hiyo ni zile za aliyejiita Junius. Zilichapishwa London katika gazeti la Public Advertiser kati ya Januari 1769 na Januari 1772. Junius aliwashambulia mawaziri mmoja baada ya mwingine, na Desemba 1769 akamwandikia Mfalme George wa Tatu mwenyewe. Mwandishi hakupatikana, hivyo aliyeshtakiwa ni mchapaji, Henry Sampson Woodfall. Mwaka 1770 jopo la raia lililosikiliza kesi likatoa jibu la ajabu: ana hatia ya kuchapa na kutangaza tu. Serikali haikuweza kumfunga kwa maneno hayo.

Mwaka 1772 Woodfall alizikusanya barua hizo katika juzuu mbili ndogo. Junius mwenyewe alizipitia, akaongeza tabaruku kwa taifa la Waingereza na dibaji. Hilo ndilo toleo ambalo wakusanyaji hulitafuta. Matoleo mengine ya miaka hiyo, na ni mengi, yalichapwa na watu waliojichukulia tu barua hizo magazetini bila ruhusa ya yeyote. Nakala isiyo na tabaruku wala dibaji, au yenye jina la mchapaji mwingine, huenda ni ya kale kweli lakini si ile. Mwaka 1812 George Woodfall, mwana wa mchapaji, alitoa juzuu tatu akiongeza barua za faragha ambazo Junius alimwandikia baba yake.

Katika barua hizo za faragha kuna jambo linalowanyima wakusanyaji usingizi. Junius hakutaka malipo. Aliomba apewe nakala moja iliyojalidiwa kwa ngozi nyeupe na kupambwa kwa dhahabu. Ikipatikana nakala hiyo nyumbani kwa fulani, jina litakuwa limejulikana. Imetafutwa kwa zaidi ya karne mbili.

Makumi ya watu wametajwa kuwa ndio Junius. Anayetajwa zaidi ni Philip Francis, karani wa Wizara ya Vita aliyefariki mwaka 1818. Mwaka 1871 mtaalamu wa miandiko alilinganisha mkono wake na ule wa Junius. Mwaka 1962 msomi wa Sweden, Alvar Ellegård, alihesabu maneno na namna ya kuyatumia, naye akaelekeza kidole hukohuko. Francis hakukiri hadi anaingia kaburini.

Wapo pia wengine. Jonathan Swift, akijifanya muuza nguo wa Dublin, aliandika mwaka 1724 barua za kupinga sarafu ya shaba iliyoletwa kutoka Uingereza. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Inasemekana mji mzima ulimjua, na hakuna aliyeichukua. Nchini Marekani, makala 85 za kutetea katiba mpya zilitoka mwaka 1787 na 1788 kwa jina la Publius, nyuma yake wakiwamo watu watatu: Alexander Hamilton, James Madison na John Jay.

Vitabu hivyo havipatikani dukani Musoma. Nakala halisi hununuliwa kwa wauzaji wa vitabu vya kale Ulaya na Marekani, na anayeanza asione haya kununua chapa za karne ya 19, ambazo ni nyingi na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Lakini mkusanyaji wa Mara anayemwaga fedha zake zote kwa Junius, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, anatafuta maji ng'ambo ilhali ziwa liko mlangoni kwake.

Afrika Mashariki ina barua zake. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilizuka Lindi na kusambaa katika sehemu nyingine za koloni la Wajerumani. Ilikuwa na jina la Sheikh Ahmad, ikisimulia ndoto ya kumwona Mtume na kuonya kuwa Kiyama kimekaribia. Aliyeituma hasa hakujitaja. Kwa waumini ilikuwa wito wa toba. Kwa watawala waliokuwa bado wananusa baruti, ilikuwa uchochezi. Uchunguzi wao uliishia kwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyewahi kuwa na nguvu Ujiji na wakati huo akiishi Unguja.

Msomi wa Kijerumani, Carl Heinrich Becker, aliichapisha barua hiyo mwaka 1911 katika jarida la Der Islam. Utafiti wake ulitoka kwa Kiingereza mwaka 1968 katika Tanzania Notes and Records. Toleo hilo la 1968 ni pahala pazuri pa kuanzia kwa mkusanyaji mwenye mfuko mwembamba.

Kisha ikaja zama ya mashine ya kurudufu. Sauti ya TANU, karatasi ya chama iliyoanza mwaka 1957, ndiyo inayolihusu zaidi eneo hili. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imempiga Nyerere marufuku kuhutubia hadharani, hivyo karatasi ikasema badala ya jukwaa. Katika toleo la 29 la Mei 1958, Nyerere aliwasihi wanachama wajiepushe na vurugu, na papo hapo akawashutumu wakuu wawili wa wilaya, mmoja kwa kukihujumu chama na mwingine kwa kumfungulia chifu kesi ya kubuni. Alishtakiwa kwa kashfa, akatetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza pamoja na wenzake, akapatikana na hatia. Alipewa achague: faini ya pauni 150, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa.

Ni kweli kwamba Sauti ya TANU haikuwa barua isiyo na mwenyewe. Lakini kesi yake inaeleza kwa nini wengine waliacha kutia saini. Aliyeweka jina alijua njia ya mahakamani inapita wapi. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa uchochezi.

Uhuru haukuiondoa hofu hiyo. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliendelea kumfanya mtu aliyekutwa na chapisho la uchochezi bila sababu halali kuwa mkosaji, hata kama hakuliandika. Sheria hiyo ilifuatwa na ile ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo nayo ina vifungu vya uchochezi. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nchini Kenya, karatasi ya Pambana ilisambazwa kwa siri mwaka 1982 bila majina ya waandishi, na baadaye Mwakenya wakawa na Mpatanishi. Mwaka huohuo wa 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kukutwa na chapisho lililohesabiwa kuwa la uchochezi.

Ndiyo maana karatasi hizi ni adimu kuliko Junius. Junius alikuwa na wachapaji waliomgombania. Karatasi zetu zilisomwa usiku, zikapitishwa mkono kwa mkono, kisha zikatiwa moto. Zilizobaki zilibaki kwa kusahauliwa tu: ndani ya Biblia ya babu, chini ya sanduku, katikati ya stakabadhi za pamba za chama cha ushirika huko Bunda. Na hizo nazo zina siku zake. Mara nyingi matanga yakishaanuliwa, nyumba husafishwa, na makaratasi ya marehemu huishia jalalani au kwa muuza karanga.

Anayepata karatasi ya namna hiyo asikimbilie kusoma jina lisilokuwapo. Aitazame kwanza karatasi yenyewe. Iliyorudufiwa kwa stensili ina wino ulioenea kidogo pembeni mwa herufi, na nyuma yake huwa laini bila alama ya kugongwa. Iliyopigwa moja kwa moja kwa taipureta huacha mashimo madogo ambayo kidole huyahisi. Kila taipureta ina ila yake: "e" iliyoziba, "a" iliyopanda juu ya mstari. Karatasi mbili zenye ila moja yawezekana zilitoka mezani pamoja.

Bahasha isitupwe kamwe. Kuanzia mwaka 1935 hadi uhuru, stempu za huku ziliandikwa majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Stempu za Tanganyika huru zilitoka Desemba 1961. Mhuri wa posta ukisomeka, unataja mji na tarehe ambayo barua ilipita, jambo ambalo barua yenyewe ilikusudia kuficha. Mikunjo nayo inasema. Iliyokunjwa mara nne ikatosha kiganjani haikuwa ya kuwekwa kabatini.

Utunzaji ni vita, hasa Musoma, ambako unyevu wa ziwa haupumziki. Karatasi za kurudufia zilikuwa za bei rahisi na hugeuka njano, kisha zikavunjika kama chapati kavu. Pini za chuma ziondolewe taratibu kwa sababu kutu yake hula karatasi. Selotepu isitumike hata kwa kipande kidogo, wala karatasi isitiwe ndani ya plastiki ya kuyeyushwa kwa moto kama kitambulisho; hayo hayarekebishiki. Ziwekwe zikiwa zimenyooshwa ndani ya boksi, juu ya rafu isiyogusa ukuta wala sakafu, kwa maana mchwa wa Butiama na Bunda hawachagui itikadi. Zipigwe picha mapema, mbele na nyuma.

Lipo pia suala la sheria. Jalada la serikali, hata likiokotwa kwenye duka la chuma chakavu, ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na mahali pake ni Idara ya Nyaraka za Taifa. Karatasi za familia ni za familia. Anayezinunua aandikiane nao, na asimpe mjane shilingi elfu mbili kwa kitu anachojua thamani yake.

Gumu kuliko yote ni jina. Mkusanyaji akigundua kwamba mwandishi wa barua kali ya mwaka fulani alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, afanye nini? Wapo wanaosema historia haina siri. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao moja kwa moja. Mtu huyo alificha jina kwa sababu aliyoijua, na huenda aliyetajwa vibaya katika barua hiyo ana watoto wanaosali kanisa moja na watoto wake. Njia ya busara ni kuandika ushahidi wote, kuutia ndani ya bahasha iliyofungwa pamoja na karatasi yenyewe, na kuitaja juu yake tarehe ambayo inaweza kufunguliwa, baada ya kuzungumza na wazee wa pande zote mbili.

Wanaotaka kulinganisha walichonacho wanaweza kwenda katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya Afrika Mashariki, au kwenye hifadhi ya nyaraka za TANU na CCM iliyoko Dodoma. Karibu zaidi ipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama, iliyofunguliwa mwaka 1999. Anayekwenda huko na karatasi ya kale aibebe katikati ya mbao mbili nyembamba, si ndani ya kitabu. Barabara ina matuta, na karatasi ya mwaka 1958 haivumilii kukunjwa mara ya pili.