Postikadi za zamani za Unguja: mnara umeanguka, kadi bado ipo

Wadau wa mambo ya kale, leo ni zamu ya postikadi. Kuna watu wanazisaka kwa udi na uvumba, hasa zile za miji ya mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ukiwaona unaweza kudhani wana hela za kuchezea. Subiri kwanza.

Tuichukue Unguja. Enzi hizo meli zikitia nanga, abiria wanashuka, wananunua kadi, wanaandika salamu mbili tatu na kuziposti Ulaya. Wapiga picha wengi wenye studio mjini walikuwa Wagoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Pereira de Lord. Moja ya majengo waliyoyapiga sana ni Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883.

Sasa utajuaje kadi ni ya lini? Wazoefu wana mbinu zao.

Kwanza, angalia mnara. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zikapiga mizinga, vita vikaisha hata saa moja haijatimia, na mnara ule ukaharibika vibaya. Baadaye mnara wa saa ukajengwa kwenye jumba lenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umejitenga, picha ilipigwa kabla ya vita, hata kama kadi ilichapwa baadaye.

Pili, geuza nyuma. Kadi za mwanzo kabisa, nyuma ni anwani tu. Salamu zinabanwa pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe mara mbili mwaka 1902, wengine wakafuata. Ukiona mstari katikati, hiyo siyo ya mwanzo.

Tatu, stempu. Ikiwa na sura ya Sultani Khalifa bin Harub, basi kadi ilitumwa baada ya yeye kushika kiti mwaka 1911.

Unaweza kusema, haya yote ya nini? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wa saa, wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Hapo ndipo picha ya zamani inapogeuka shahidi: nguzo zilikaaje, baraza zilikuwaje, saa ilikuwa wapi.

Lakini kuna kinachouma. Kadi inakutajia jina la jumba, jina la bandari, hata la mpiga picha. Yule mchukuzi aliyesimama mbele na mzigo kichwani? Hana jina. Ni bibi au babu wa mtu, kabaki kama pambo la picha.

Na kwa kuwa zilinunuliwa na wageni, nyingi ziliondoka na meli. Leo Mzanzibari akitaka kuuona mtaa wa babu yake, mara nyingi inabidi anunue kutoka Ulaya. Afadhali Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kimeweka mtandaoni picha za zamani zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki. Kuziangalia ni bure.

Kwa hiyo kama kwenu kuna sanduku la bibi lenye kadi, usizigundishe kwenye albamu. Zipige picha pande zote mbili, halafu keti na wazee uwaulize: huyu ni nani? Jina likipatikana, liandike kwenye daftari, siyo juu ya kadi. Usisubiri, wazee wanaondoka.

Haya, nani ana kadi ya mji wake nyumbani? Inaonyesha jengo gani?