Vita vya Msalaba, wakalimani na michezo ya mtandaoni

Haya basi, leo tuzungumzie michezo ile ya tarakilishi ambayo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja kupitia intaneti, kila mtu na mhusika wake. Mingi huazima sura ya Zama za Kati: ngome, panga, farasi, na kambi zinazochukiana. Kuna swali moja ambalo muundaji wa mchezo kama huo hulijibu mapema: je, adui yangu ataelewa ninachoandika?

Dark Age of Camelot, uliotoka mwaka 2001, ulijibu hapana. Ulikuwa na falme tatu, na wachezaji wa ufalme mmoja hawakuweza kuelewana na wa ufalme mwingine. World of Warcraft ukafuata njia hiyo mwaka 2004. Programu yake huchukua neno la adui na kuweka mahali pake neno lisilo na maana, kwa kufuata urefu wake. Ndiyo maana "lol" ya mpiganaji wa Horde ilisomeka "kek" kwa watu wa Alliance. Mantiki ni rahisi: mkizungumza mtazoeana, na mkizoeana vita vitapoa.

Sasa tufungue vitabu vya historia. Katika Vita vya Msalaba watu walizungumza sana. Mwaka 1191, mfalme Richard wa Uingereza alipojadiliana na al-Adil, nduguye Salahuddin, mkalimani alikuwa Humphrey wa Toron, bwana wa Kifranki aliyejua Kiarabu vizuri. Mapatano yalipatikana Septemba 1192: vita visimame miaka mitatu na miezi minane, na mahujaji Wakristo wasio na silaha waruhusiwe kuingia Yerusalemu.

Cha ajabu zaidi ni mwaka 1229. Kaizari Frederick II, ambaye Papa alikuwa amemtenga na Kanisa, aliupata mji wa Yerusalemu bila kupigania kuta zake. Yeye na Sultani al-Kamil walikuwa wameanza kutumiana wajumbe miaka kadhaa kabla. Waislamu walibaki na Msikiti wa al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Pande zote mbili zilikuwa na watu waliokasirishwa na mapatano hayo, lakini Wakristo waliushika mji karibu muda wote hadi 1244.

Wafranki waliwaita wakalimani hao kwa jina walilolitoa katika Kiarabu, tarjuman. Sisi tunalo vilevile: tarjumani.

Kwa hiyo mchezo unaozima mazungumzo unaifuta nusu ya historia. Na njia nyingine ipo. Final Fantasy XI, uliotoka Japani mwaka 2002, uliwaweka Wajapani na Wamarekani kwenye seva zilezile. Mchezaji huchagua neno au kifungu kutoka orodha, na kila mtu hukiona kwa lugha yake. Ni tarjumani mdogo ndani ya programu. World of Warcraft nao ulilegeza mwaka 2022, ukaruhusu wachezaji wa pande mbili kuunda kundi moja.

Ukitaka kuutengeneza mchezo kama huo kwa lugha nyingi, jiandae. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo kurasa zako zote lazima zigeuke. Kiswahili nacho kina ngeli. Kwa Kiingereza sentensi moja yenye nafasi wazi ya jina la silaha inatosha. Kwetu upanga umevunjika, ngao imevunjika, jambia limevunjika. Usiunganishe vipande vya maneno. Hifadhi ngeli ya kila kitu kwenye hifadhidata yako, pamoja na jina lake.

Ni kazi ya ziada, ndiyo. Lakini Humphrey naye alifanya kazi ya ziada, na watu wakapumzika vita kwa miaka mitatu na ushei. Je, wewe ungeunda mchezo ambamo tarjumani ana nguvu kuliko mwenye upanga?