HISTORIA: MBEGU MOJA, SHIMO MOJA – JINSI MAABARA ZILIVYOJIFUNZA KUOTESHA BAKTERIA MMOJA MMOJA

Kabla ya msimu huwa tunapima uotaji: mbegu 100 kwenye kitambaa kibichi, kisha tunahesabu zilizoota. Maabara nazo hupima bakteria hivyo hivyo. Historia yake inatuhusu, maana kifua kikuu (TB) kinasumbua machimbo yetu ya Geita na Kahama, ambako vumbi la mawe hudhoofisha mapafu.

Zamani bakteria walikuzwa kwenye mchuzi. Wote walichanganyika kama mtama na magugu. Daktari Mjerumani, Robert Koch, aliona madoa ya rangi tofauti juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa, kila doa likiwa ni ukoo wake. Mwaka 1881 alionyesha London jinsi ya kuwatenganisha juu ya jelatini. Jelatini ikawa inayeyuka kwa joto. Fanny Hesse, mke wa mtafiti mwenzake, akapendekeza agari ya mwani aliyoitumia jikoni. Mwaka 1882 Koch akatangaza bakteria wa TB.

Lakini bakteria huyu ni mzito. Hugawanyika mara moja kwa takribani saa 20, hivyo doa la kuonekana kwa macho huchukua wiki 3 hadi 8. Wakati huo mgonjwa anaendelea kuambukiza familia. Mpango wa taifa wa TB, ulioanza 1977 kwa msaada wa Dkt. Karel Styblo, ulitegemea hadubini. Hadubini ni ya haraka, ila haisemi dawa ipi itafanya kazi.

Mwaka 1995 watafiti Marekani walichapisha njia nyingine: kumfungia bakteria mmoja ndani ya tone la jeli dogo kuliko chembe ya mchanga. Chakula na dawa hupenya, yeye hatoki. Akigawanyika, mashine ya mwanga inayosoma tone moja moja humwona. Akiwekewa dawa asiongezeke, dawa inafaa. Siku chache badala ya wiki.

Hospitali zetu zilipata njia tofauti: mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Husoma vinasaba kwa saa 2 hivi, na huonyesha usugu kwa rifampisini. Kwa dawa nyingine kadhaa, kuotesha bado kunahitajika.

Kwa hiyo zingatia haya:

1. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, peleka makohozi kituo cha afya. Kipimo cha TB ni bure.
2. Usinywe antibiotiki za dukani kabla ya kutoa sampuli. Bakteria aliyedhoofishwa haoti, na majibu yatadanganya. Hata ng'ombe mwenye kiwele kilichovimba, chukua sampuli ya maziwa kabla ya sindano.
3. Maliza dozi yote, kwa kawaida miezi 6. Ukikatisha, wanaobaki ni wale sugu.
4. Chemsha maziwa kabla ya kunywa au kuuza. TB ya ng'ombe hupitia humo.