Pepo za Msimu na Zilizala: Historia ya Kupima na Kubashiri Kisiwani Unguja

Kwa karne nyingi uchumi wa Unguja ulitegemea ujuzi wa kubashiri hali ya hewa, kwa kuwa majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi yaliletwa na kaskazi, upepo uvumao kati ya Desemba na Machi, na yalirudi makwao kwa kusi, ambao hushika nguvu wakati wa masika na kuendelea hadi Septemba au Oktoba. Nahodha aliyekosea hesabu ya kipindi cha mpito baina ya pepo hizo mbili aliweza kukwama bandarini kwa miezi, huku mabaharia wake wakila faida ya safari nzima. Ndiyo maana hesabu ya siku ilikuwa elimu yenye heshima. Mwaka wa jua ulioanza kwa Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi huuadhimisha hadi leo kwa sherehe za Mwaka Kogwa, uligawanywa katika miongo 36, yaani mafungu ya siku kumi kumi, pamoja na siku 5 za nyongeza, na wenye ujuzi waliitumia miongo hiyo kujua upepo, mvua na kazi za shamba na za bahari. Kwa kuwa mwaka huo una siku 365 kamili, mwanzo wake hurudi nyuma siku 1 kila baada ya takriban miaka 4 ukilinganishwa na kalenda ya serikali, tofauti ndogo isiyoweza kumpoteza nahodha katika safari zake.

Nguvu ya ujuzi huo ilitokana na marudio: jua hurudi, pepo hurudi, na mzee aliyezitazama kwa miaka thelathini alikuwa na haki ya kuusemea mwaka unaofuata. Mafanikio ya namna hiyo, hapa na kwingineko duniani, yaliwavuta wenye elimu kutafuta angani habari za ardhi pia. Aristotle alifundisha kwamba zilizala, yaani tetemeko la ardhi, husababishwa na pepo zilizofungika katika mapango ya chini, na kwa hiyo alisema matetemeko mengi hutokea hewa inapotulia, kwa sababu upepo wote umeingia ardhini. Ibn Sina naye aliuhesabu mvuke uliozuiliwa chini ya ardhi kuwa sababu kubwa, na rai hiyo ilidumu muda mrefu katika elimu ya ulimwengu wa Kiislamu, ambayo falaki, yaani elimu ya nyota, iliyosomwa Unguja ilikuwa tawi lake. Hadi leo wako watu wengi, katika nchi nyingi, wanaoamini kwamba joto zito lisilo na upepo ni dalili ya tetemeko. Huduma bora zaidi ilitolewa na mwanachuoni wa Misri al-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, ambaye aliandika kitabu kinachoyataja matetemeko ya zamani yaliyojulikana, mwaka baada ya mwaka. Kuweka kumbukumbu kabla ya kubashiri ndiyo njia ambayo baadaye ilikuja kuzaa sayansi.

Pigo lililoonyesha mipaka ya ubashiri wa mazoea katika Unguja lilitoka angani. Iliaminika kwamba kisiwa kilichopo karibu na nyuzi 6 kusini mwa Ikweta kimesalimika na vimbunga, kwa kuwa vimbunga vya Bahari ya Hindi vilijulikana kuyapiga maeneo yaliyo mbali zaidi kusini, kama Mauritius. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati kaskazi ilipokwisha na kusi ilipokuwa ikianza, kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikazamisha vyombo vingi bandarini zikiwemo meli za Sultani Barghash bin Said, kikabomoa nyumba, na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na kwa sababu hiyo uzito wa kilimo cha karafuu ukahamia huko na kubaki huko. Miongo ya Nairuzi haikuwa na la kusema juu ya jambo hilo, kwani hesabu iliyojengwa juu ya yanayorudi kila mwaka haiwezi kulitambua jambo linalotokea mara moja katika vizazi kadhaa.

Wakati huo huko Mauritius, Charles Meldrum alikuwa ameanza kukusanya madaftari ya safari za meli na kulinganisha vipimo vya barometa, yaani chombo kinachopima mgandamizo wa hewa, ili kufuatilia njia za vimbunga baharini. Kimbunga huanza mbali, huchukua siku nyingi kusafiri, na mgandamizo wa hewa hushuka kabla hakijafika. Kwa hiyo, pindi vituo vinapokuwa vingi na vikipashana habari, inawezekana kuonya. Kwa upande wa ardhi, katika miaka ya 1880 mtaalamu wa Uingereza John Milne, akishirikiana na wenzake nchini Japani, aliunda sismografu zilizofaa, yaani vyombo vyenye uzito unaoning'inia ambao hubaki karibu umetulia wakati ardhi inapocheza, ili tofauti ya mwendo ichorwe kwenye karatasi. Milne akaeneza vyombo vyake duniani, na Mauritius ikawa miongoni mwa vituo vyake. Hivyo katika bahari hii yetu kisiwa kimoja kilipima anga na ardhi kwa pamoja, na ni aliyekuwa mkurugenzi wa kituo chake, Albert Walter, aliyeongoza tangu mwaka 1929 idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, iliyohudumia pia Zanzibar.

Katika kuyapima matetemeko ni lazima kutofautisha ukubwa na ukali. Ukubwa wa tetemeko, ambao Charles Richter aliupa kipimo chake cha namba mwaka 1935, ni nguvu iliyotoka kwenye chanzo chenyewe, na kila namba inapoongezeka kwa 1, nishati huongezeka takriban mara 32. Ukali, unaopimwa kwa ngazi zinazotokana na kazi ya Giuseppe Mercalli, ni athari iliyoonekana mahali fulani: vyombo vilivyoanguka, kuta zilizopasuka, watu waliotoka nje kwa hofu. Tetemeko moja lina ukubwa mmoja na ukali wa aina nyingi, na mji uliojengwa kwa matumbawe huweza kupata madhara makubwa kuliko mji uliojengwa kwa zege na nondo.

Kumbukumbu za kanda yetu zinatosha kuijaribu dhana kwamba hali ya hewa huashiria tetemeko. Tetemeko kubwa la Rukwa lilitokea tarehe 13 Desemba 1910. La Subukia, Kenya, tarehe 6 Januari 1928. La Toro, Uganda, tarehe 20 Machi 1966. La karibu na Juba tarehe 20 Mei 1990. La Machaze, Msumbiji, tarehe 23 Februari 2006. Na la Kagera, lililoua watu wasiopungua 17, tarehe 10 Septemba 2016. Yamo ya kaskazi na ya kusi, ya majira ya mvua na ya kiangazi. Sababu iko wazi: miamba huvunjika kilometa nyingi chini, katika mpasuko wa Bonde la Ufa na matawi yake, mahali ambapo joto la mchana halifiki kabisa.

Haifai, hata hivyo, kudai kwamba anga na ardhi hazina uhusiano wowote, na haki ya wanaouliza juu ya jambo hilo inadai jibu kamili. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba huko Taiwan kushuka kwa mgandamizo wa hewa wakati wa vimbunga kunaweza kuanzisha miteguko ya polepole sana ya miamba, isiyohisiwa na mtu. Uhusiano ulio dhahiri zaidi umegeuka upande wa pili, kwa sababu sismografu hunasa mitikisiko midogo isiyokoma inayoletwa na mawimbi ya bahari, na dhoruba iliyo mbali huonekana kwenye michoro yake. Ubashiri wenyewe wa matetemeko umejaribiwa kwa juhudi kubwa nchini China, ambako mji wa Haicheng ulihamishwa watu wake kabla ya tetemeko la Februari 1975, hasa kwa sababu mitikisiko midogo ilitangulia. Mwaka uliofuata Tangshan haikupata onyo, na zaidi ya watu 240,000 walikufa.

Zanzibar yenyewe imepata kipimo chenye faida kutoka baharini. Kifaa cha kupimia maji kujaa na kupwa kilichopo bandarini Unguja, ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984, kilinasa tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 iliyotokana na tetemeko la Sumatra. Wimbi lile lilichukua saa nyingi kuvuka bahari, na kwa kuwa tsunami husafiri, watu huweza kuonywa. Kazi ya kuonya leo iko chini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tetemeko halitoi muda huo. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, muda mfupi baada ya saa 2, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam na kuhisiwa Unguja, katikati ya kusi, bila ya onyo lolote.

Linaloweza kupunguza madhara liko katika kuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene na nzito, lakini hazina kitu kinachozifunga pamoja zinapotikiswa kwa upande, na boriti iliyooza kwa unyevu huuacha ukuta usimame peke yake. Sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu 2, msiba uliohusishwa na uchakavu. Kila mwenye nyumba, na kila mamlaka yenye dhamana ya mji huo, anapaswa kukagua ncha za boriti na viungo vya kuta sasa, kwa kuwa ukaguzi huo hauhitaji kusubiri ubashiri wa mtu yeyote.