Kodi ya Kichwa na Jasho la Likasi



Tunapozungumza habari za kodi na bajeti katika makundi yetu, wengi husema kwamba hayo ni mambo ya Kinshasa, ya mawaziri na wabunge. Lakini mji wetu wa Likasi ulizaliwa na kodi. Wazee waliojenga Panda na Shituru hawakuja wote kwa kupenda. Wengi walisukumwa na deni la serikali. Inafaa basi tuijue historia hiyo, ili tuone kosa lilianzia wapi.

Kabla ya ukoloni, wazee wetu walijua kutoa. Waluba waliita mulambu kile walichompelekea mtawala. Kule Bunkeya, Msiri alipokea shaba, chumvi na pembe za ndovu, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Tusizisifu tawala hizo kupita kiasi, kwa maana Msiri huyo huyo aliuza watumwa. Hata hivyo, mtoaji alimjua anayepokea, na alitazamia kwake ulinzi na chakula wakati wa njaa.

Katika Dola Huru la Mfalme Leopold II, kodi ililipwa kwa mikono. Sheria ya 1903 ilimdai mtu saa 40 za kazi kila mwezi, na mara nyingi alilazimishwa kufanya zaidi ya hizo. Ubelgiji ilipochukua koloni mwaka 1908, utaratibu ulibadilishwa. Amri ya 1910 ilianzisha kodi ya kichwa: kila mwanamume mzima alipe kwa fedha, na mwenye wake wengi aongezewe. Asiyelipa aliweza kufungwa.

Sasa jiulizeni: mkulima wa Lomami, mwenye mihogo na mbuzi, angepata wapi franka? Jibu lilikuwa limeandaliwa. Mwaka huo huo wa 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, yaani ofisi ya kuwaandikisha wafanyakazi kwa ajili ya waajiri. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji maelfu ya watu. Hivyo kodi haikukusudiwa kujaza hazina tu. Ilikusudiwa pia kumtoa mtu kijijini na kumfikisha mgodini.

Na mshahara ulikuwaje? Ulikuwa mdogo, na sehemu yake ilitolewa kwa posho ya unga na nyumba ya kambini. Katika kambi za mwanzo wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na ya kuhara. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni iliona kwamba inapata hasara kwa kubadilisha watu kila mara. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwapokea wake na watoto. Hapo ndipo kambi zilipogeuka kuwa mji, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bei za vitu zilipanda na kazi ikaongezwa. Wafanyakazi Wazungu walidai nyongeza, nao wakasikilizwa. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika waligoma pia, hapa Jadotville na kule Elisabethville. Walijibiwa kwa risasi. Tarehe 9 Desemba, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari walipiga umati wa watu, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akafa pamoja na makumi ya wengine. Miaka 50 kabla ya siku hiyo, Papa Leo XIII alikuwa amefundisha katika Rerum Novarum kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kwa heshima.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, ugomvi wa kodi ulikua. Tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Union Minière ikalipa kodi zake kwake badala ya Léopoldville. Fedha hizo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya bajeti yake. Vita viliendelea mpaka Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia katika mji wetu. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya taifa, ndiyo Gécamines, na mapato yakaelekea Kinshasa. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka, na baba zetu wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Wazazi wasiolipwa ndio waliochanga ili sisi walimu tupate kula.

Ndugu zangu, tazameni vizuri. Franka zilikwenda Ubelgiji, kisha kwa Tshombe, kisha Kinshasa. Mpokeaji alibadilika mara mbili, lakini aliyelipa kwa jasho hakuulizwa wala kuonyeshwa hesabu hata mara moja. Ubaya haukuwa kodi yenyewe, kwa sababu pasipo kodi hakuna shule wala barabara. Ubaya ulikuwa kodi isiyo na hesabu.

Leo sheria inasema vingine. Katiba ya 2006 inaziachia provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa migodi hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa mji, komini au utawala wa kichifu palipo mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi hivyo ni ninyi na watoto wenu. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali inapaswa kuwa bure, na mshahara wa mwalimu ni juu ya bajeti. Haya yote ni haki zilizoandikwa. Haki iliyoandikwa hulala kama hakuna wa kuiamsha, nasi tutaiamsha kwa kuuliza kwa adabu, kwa ujasiri na bila kuchoka.

Maswali ya kundi:

1. Ni nani kati yetu amewahi kuona bajeti ya komini yake?
2. Tungepewa nafasi ya kumwuliza meya swali moja juu ya sehemu ya mrabaha wa mji wetu, tungeuliza nini?
3. Sisi wenyewe, katika fedha za kundi letu, tunatoa hesabu kwa wenzetu?